Calibre Inapogoma: Dalili, Visababishi na Hatua za Kuchukua

Calibre ni programu huria ya kupanga, kusoma na kubadilisha vitabu pepe. Kovid Goyal aliianza mwaka 2006 kwa jina la libprs500, kwa sababu wakati huo ilikusudiwa kukihudumia kifaa kimoja tu cha kusomea, Sony PRS-500. Jina la sasa lilikuja mwaka 2008. Leo inafanya kazi katika Windows, macOS na Linux, inasambazwa kwa leseni ya GPL toleo la 3, na hailipiwi hata senti. Kwa mwalimu, mwanafunzi au mtunza maktaba ambaye bajeti yake haimruhusu kununua programu, imekuwa nguzo, na ndiyo maana siku inapogoma kazi nyingi husimama.

Matatizo yaliyomo humu ni yale ambayo watu huyaleta mara kwa mara, tena kwa maneno yaleyale: vitabu vyangu vimefutika, PDF imevurugika, simu haionekani. Yamepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili kinatangulia kisababishi kinachotokea mara nyingi zaidi pamoja na ukaguzi usiohitaji ujuzi, kisha ndipo zinafuata hatua za ndani. Majina ya vitufe yameachwa kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili mtu asihangaike kuyatafuta.

Kabla ya kugusa chochote

Vitabu vyote vilivyoingizwa katika Calibre hukaa ndani ya folda moja, ambayo kwa kawaida huitwa Calibre Library. Ndani yake kuna folda ya kila mwandishi. Ndani ya folda ya mwandishi kuna folda ya kila kitabu. Na humo hukaa faili ya kitabu chenyewe, picha ya jalada iitwayo cover.jpg, na faili ndogo ya taarifa iitwayo metadata.opf. Juu kabisa, nje ya folda za waandishi, kuna faili iitwayo metadata.db. Hiyo ndiyo daftari kuu: Calibre haijui kitabu chochote ambacho hakikuandikwa humo, hata kama faili ya kitabu ipo palepale kwenye diski.

Kwa hiyo hatua ya kwanza katika tatizo lolote linalohusu maktaba ni kuifunga Calibre na kunakili folda nzima ya Calibre Library kwenda kwenye diski ya nje. Ifungwe kwanza, kwa sababu nakala iliyochukuliwa wakati programu inaandika katika metadata.db inaweza kuwa mbovu tangu kuzaliwa kwake. Usipange upya folda hizo kwa mkono, wala usibadilishe majina ya faili zilizomo, hata kama mpangilio wake haukupendezi. Kila badiliko lifanywe kutoka ndani ya Calibre yenyewe.

Onyo: ikiwa wakati wa kunakili diski inatoa mlio wa kugonga-gonga, au unakili unakwama mara kwa mara mahali palepale, zima kompyuta. Usiendelee kujaribu, na usiendeshe programu za kutengeneza diski. Tatizo hilo si la Calibre tena. Ni diski inayokufa, na kila dakika inayozunguka inapunguza nafasi ya fundi wa kuokoa data kuvipata vitabu vyako.

Dalili: maktaba imefunguka lakini vitabu vimetoweka

Hili ndilo linalowatisha watu kuliko yote, na mara nyingi ndilo jepesi kuliko yote. Kisababishi cha kawaida ni utafutaji uliosahaulika. Mtu aliandika neno katika kisanduku cha kutafutia, akaacha, na orodha ikabaki ikionyesha vitabu viwili kati ya mia tatu. Futa maneno yote yaliyomo katika kisanduku hicho, kisha angalia kitufe cha Virtual library kilicho karibu nacho, kwa maana maktaba pepe ikiwa imechaguliwa nayo huficha kila kitabu kisichokidhi sharti lake. Angalia pia idadi ya vitabu inayoonyeshwa chini ya dirisha. Ikiwa idadi ya jumla ni kubwa kuliko vitabu unavyoviona, hakuna kilichopotea.

Kisababishi cha pili ni folda kuhamishwa au diski kubadilika jina. Wanaoweka maktaba katika flashi hukutana na hili sana: jana Windows iliiita flashi E, leo kuna kifaa kingine kimechomekwa kabla yake, nayo imeitwa F. Calibre inatafuta pale pa jana na haioni kitu, kisha inauliza maktaba iko wapi. Hapa ndipo watu hujiumiza, kwa kukubali kuundiwa maktaba mpya tupu na kuanza kuijaza. Badala yake, bofya ikoni ya maktaba, chagua Switch/create library, elekeza kwenye folda ambayo ndani yake unaiona metadata.db, na uchague kutumia maktaba iliyokuwapo tayari.

Kisababishi cha tatu ni huduma za kuhifadhi mtandaoni, kama vile Dropbox, Google Drive na OneDrive. Folda ya maktaba ikiwa ndani ya folda inayosawazishwa, na kompyuta mbili zikaifungua kwa wakati mmoja, kila moja huandika daftari lake, na huduma hiyo haina namna ya kuyaunganisha. Mwisho wake ni daftari moja kulifuta jingine. Calibre haikutengenezwa kwa matumizi hayo, wala kwa maktaba iliyowekwa katika diski ya mtandao. Weka maktaba katika diski ya kompyuta yenyewe. Ukitaka wenzako wasome, tumia seva ya Calibre inayoelezwa baadaye.

Kisababishi cha nne, kilicho nadra lakini kizito, ni metadata.db kuharibika, kwa mfano umeme unapokatika katikati ya kuandika katika kompyuta ya mezani isiyo na betri. Huonekana kwa ujumbe unaosema "database disk image is malformed", au kwa programu kujifunga kila inapofungua maktaba hiyo. Ukiwa tayari una nakala, bofya kwa kitufe cha kulia ikoni ya maktaba, ingia Library maintenance, kisha chagua Restore database. Calibre itapita folda moja moja, itasoma kila metadata.opf, na itaandika daftari jipya. Ikiwa programu haikai wazi kiasi cha kufika huko, amri hii hufanya kazi hiyohiyo kutoka dirisha la amri (Command Prompt au Terminal):

calibredb restore_database --really-do-it --with-library "njia ya folda ya maktaba"

Fahamu kwamba mipangilio fulani, kama ile ya ubadilishaji iliyohifadhiwa kwa kitabu kimoja kimoja, inaweza kupotea. Vitabu na majina yake hurudi ikiwa faili za metadata.opf zimo. Baada ya hapo endesha Check library, iliyo katika menyu hiyohiyo, ili uone kama kuna faili zilizobaki nje ya daftari.

Niliwahi kukaa na mwalimu ambaye, baada ya kuona orodha tupu, aliifuta programu, akaifuta na folda kwa kudhani imeharibika, kisha akaanza upya. Shida yake ilikuwa neno moja katika kisanduku cha kutafutia. Ndiyo sababu nimesisitiza mpangilio wa hatua hizi.

Dalili: programu haifunguki, au inafunguka na kujifunga

Kwanza ujue umri wa mfumo wako. Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa madukani na zinazotumika shuleni bado zina Windows 7 au 8, au mfumo wa biti 32. Kuanzia toleo la 6, lililotoka mwaka 2022, Calibre haifanyi kazi katika mifumo hiyo; toleo la mwisho linalofaa ni 5.44, ambalo bado linapatikana katika tovuti rasmi ya calibre-ebook.com. Usilitafute kwenye tovuti nyingine, na usimlipe mtu anayedai ana toleo maalumu.

Ikiwa mfumo ni mpya wa kutosha, kisababishi kinachofuata ni programu-jalizi iliyoongezwa na mtumiaji ambayo haiendani na toleo jipya. Fungua dirisha la amri na uandike:

calibre --ignore-plugins

Ikifunguka, ingia katika Preferences, sehemu ya Plugins, uzime au uondoe ile uliyoiweka karibuni. Isipofunguka, mashaka yahamie kwenye folda ya mipangilio. Katika Windows iko ndani ya AppData, kisha Roaming, kwa jina calibre; katika macOS iko ndani ya Library, kisha Preferences; katika Linux iko ndani ya .config. Usiifute. Ibadilishe jina tu, kwa mfano calibre-ya-zamani, kisha ufungue programu tena, nayo itajitengenezea mipangilio mipya na kukuuliza maktaba ilipo. Vitabu haviguswi na hatua hii, kwa kuwa havimo katika folda hiyo.

Wanaotumia Linux wana kisababishi chao. Calibre iliyomo katika ghala la programu la mfumo mara nyingi ni ya zamani, na hitilafu nyingi zinazolalamikiwa huwa zimekwisha kurekebishwa katika toleo rasmi. Iondoe hiyo, kisha usakinishe ile inayotolewa na watengenezaji wenyewe.

Dalili: ubadilishaji umeshindikana kabisa

Bofya Jobs iliyo pembeni chini kulia, chagua kazi iliyoshindikana, kisha Show job details. Watu wengi hawafungui kamwe ukurasa huu, ilhali mistari yake ya mwisho karibu kila mara hutaja sababu.

Aina ya faili ndiyo husababisha mara nyingi: Calibre husoma DOCX lakini haisomi DOC ya zamani. Ifungue katika LibreOffice au Word, uihifadhi kama DOCX, na shida imekwisha. Kufuli la kidijitali linaloitwa DRM ni jambo jingine. Kitabu kilichonunuliwa kikiwa na kufuli hilo hakibadiliki ndani ya Calibre, nayo hukuambia hivyo waziwazi. Hapa simama. Kulivunja kunaweza kuwa kosa la kisheria mahali ulipo, na njia iliyonyooka ni kumwandikia muuzaji au mchapishaji na kuomba nakala isiyofungwa.

Isipokuwa hayo mawili, faili yenyewe huenda ina kasoro ndani. Kwa EPUB, muundo wa kawaida wa vitabu pepe, jaribu kuibadilisha kutoka EPUB kwenda EPUB, jambo ambalo huonekana halina maana lakini husafisha makosa mengi. Ikishindikana, chagua Edit book, kisha zana ya Check book, ambayo huorodhesha makosa na kurekebisha mengine yenyewe.

Dalili: PDF imebadilishwa lakini maandishi yamevurugika

Inafaa kuelewa kwanza PDF ni nini. Ndani ya PDF hamna aya. Mna herufi na mahali pa kila herufi kwenye ukurasa. Calibre inapoibadilisha hulazimika kukisia aya inaishia wapi, kichwa ni kipi, na ile namba iliyo chini ni namba ya ukurasa au ni sehemu ya hadithi. Kwa hiyo swali la kwanza si mpangilio upi ubadilishwe, bali kama faili asilia ipo. Ikiwa kitabu kiliandikwa na mwenzako au kilichapwa na taasisi unayoifahamu, omba DOCX yake. Nusu saa ya kuomba huokoa siku tatu za kurekebisha.

Ikiwa PDF ndiyo pekee iliyopo, ifungue na ujaribu kuchagua sentensi moja kwa kipanya. Maandishi yasipochagulika, ulichonacho ni picha za kurasa zilizoskaniwa, na Calibre haina namna ya kusoma picha. Inahitajika programu ya kutambua maandishi. OCRmyPDF ni ya bure, inatumia Tesseract, na Tesseract ina data ya Kiswahili. Katika Ubuntu na Debian hupatikana kwa jina tesseract-ocr-swa. Amri yake ni fupi:

ocrmypdf -l swa kitabu.pdf kitabu-kipya.pdf

Kitabu chenye Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja kiandikiwe -l swa+eng. Matokeo lazima yasomwe upya na binadamu, hasa pale penye herufi zilizofifia.

Maandishi yakichagulika lakini matokeo yakawa na mistari iliyokatika katikati ya sentensi, fungua Convert books, nenda PDF input, na uangalie Line un-wrapping factor. Thamani yake ya kawaida ni 0.45. Ipunguze kidogo kidogo, tuseme hadi 0.35, na mistari mingi zaidi itaunganishwa. Aya zikianza kumezana, iongeze. Namba za kurasa na majina ya kitabu yanayojirudia kichwani mwa kila ukurasa huondolewa katika sehemu ya Search & replace, ambayo ina kitufe cha kukuonyesha maandishi yalivyo kabla ya kubadilishwa, ili uandike ruwaza inayoyakamata, yaani maelezo ya umbo la maandishi yanayotafutwa. Kurasa zenye safu mbili, majedwali na fomula za hisabati usizipiganie. Calibre haizimudu, na kitabu cha aina hiyo ni heri kisomwe kama PDF kilivyo.

Dalili: shairi limegeuka kuwa aya

Nalitenga jambo hili kwa sababu miongozo mingi hailigusi, na kwa fasihi ya Kiswahili ni hasara kubwa. Kilekile kinachounganisha mistari iliyokatika katika nathari ndicho kinachoharibu ushairi: mishororo minne ya ubeti huunganishwa ikawa sentensi moja ndefu, vina vya kati na vya mwisho vikapotea machoni, na msomaji hawezi tena kuona ubeti umeanzia wapi.

Kama chanzo ni PDF, panda juu na Line un-wrapping factor badala ya kushuka, na uhakikishe Heuristic processing, yaani urekebishaji wa kukisia, imezimwa. Kwa uzoefu wangu, hata hivyo, njia ya uhakika zaidi ni kuyatoa maandishi kwanza kama TXT, kuyapanga kwa mkono mshororo mmoja kwa mstari mmoja, kisha kuyaingiza upya. Wakati wa kubadilisha, nenda TXT input na uchague single katika mtindo wa aya, ili kila mstari uhesabiwe kuwa unajitegemea. Ukiachia auto, programu itakisia, na kwa tenzi hukisia vibaya. Nafasi kati ya beti iwekwe mwishoni, katika Edit book. Ni kazi ya mikono, lakini utenzi uliochapwa kama nathari si utenzi tena.

Dalili: kitabu hakina yaliyomo, au sura hazitambuliwi

Kisababishi kikuu hapa ni lugha. Calibre hutafuta sura kwa kuangalia vichwa vyenye maneno ya Kiingereza kama chapter, section na part. Kitabu kilichoandikwa Sura ya Kwanza hakimo katika matarajio yake.

Kwa DOCX, dawa iko katika faili yenyewe: vichwa vya sura viwekewe mtindo wa Heading 1 katika Word au LibreOffice badala ya kukozwa wino na kukuzwa tu. Kwa faili ambayo tayari ina vichwa halisi, fungua Convert books, nenda Structure detection, na katika Detect chapters at uandike //h:h1 peke yake.

Tatizo hubaki kwa faili ambazo vichwa vyake ni aya za kawaida, kama zitokanazo na PDF. Wengi hujaribu kutafuta aya zinazoanza na neno sura, kisha wanashangaa yaliyomo yanapojaa sentensi kama "Sura yake ilibadilika ghafla". Neno hilo lina maana mbili, na mashine haizitofautishi. Ruwaza inayofaa ni ile inayodai aya nzima iwe kichwa na si zaidi:

//h:p[re:test(., '^\s*sura\s+ya\s+\w+(\s+na\s+\w+)?\s*$', 'i')]

Hii hukamata Sura ya Pili na Sura ya Kumi na Moja, na huiacha aya iliyoendelea baada ya hapo. Kitabu kinachoandika Sura 1 bila kiunganishi kiondolewe ile sehemu ya ya\s+ katika ruwaza. Baada ya kubadilisha, fungua yaliyomo na ubofye vichwa vitatu au vinne, kimoja cha mwanzo, kimoja cha katikati na kimoja cha mwisho.

Dalili: ng'ombe amegeuka ngâ€™ombe

Kiswahili cha herufi za Kirumi hakina alama nyingi, kwa hiyo kosa la usimbaji, yaani namna kompyuta inavyoziandika herufi kwa namba, hujificha hadi linapofika kwenye ng'. Alama ile ya ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika UTF-8, usimbaji wa kisasa. Programu ikiisoma faili kwa usimbaji wa zamani wa Windows, baiti tatu huonekana kama herufi tatu ngeni. Katika Convert books, nenda Look & feel, kichupo cha Text, na katika Input character encoding uandike utf-8. Ikiwa badala ya herufi ngeni unaona miraba au alama za kuuliza, jaribu kinyume chake, yaani usimbaji huo wa zamani wa Windows, cp1252. Ikiwa kosa tayari limo ndani ya EPUB uliyopokea, fungua Edit book na ubadilishe â€™ kuwa ’ katika faili zote kwa mara moja, ukiwa na nakala kando.

Kisababishi kingine ni fonti. Hii huonekana zaidi kwa maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu: kifaa kisicho na fonti yake huonyesha visanduku vitupu. Tumia Embed font family katika Look & feel kuipachika fonti ndani ya kitabu.

Kuna na PDF za zamani zilizotumia fonti zisizo za Unicode, yaani zisizofuata kiwango cha pamoja cha herufi za kompyuta. Nakili mstari mmoja kutoka kwenye PDF na uubandike mahali pengine; ukitoka vurugu, hakuna mpangilio wa Calibre utakaosaidia. Irudishe kwa OCRmyPDF ukiongeza --force-ocr, ili isomwe upya kama picha.

Ritifaa hiyohiyo huzaa tatizo dogo katika orodha ya waandishi. Jina kama Ng'ang'a likiingizwa mara moja kwa alama iliyonyooka na mara nyingine kwa iliyopinda, Calibre huona watu wawili. Fungua Manage authors, ulipe jina la pili tahajia ya la kwanza, na vitabu vitakaa pamoja.

Dalili: kifaa au simu haionekani

Anza na waya. Waya nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini ni za kuchaji tu, hazina nyuzi za kupitisha data, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaozirekebisha. Tumia waya uliokuja na kifaa, na uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwa simu ya Android, fungua kioo, teremsha arifa, na ubadilishe USB kutoka kuchaji kwenda kuhamisha faili.

Kindle, vifaa vya kusomea vya Amazon, zilizotoka kuanzia mwaka 2024 hutumia njia ya MTP badala ya kujionyesha kama flashi, na njia hiyo hukubali programu moja tu kwa wakati mmoja. Katika macOS, Android File Transfer au programu nyingine iliyokishika kifaa kwanza humzuia Calibre. Ifunge, chomoa, chomeka tena. Kumbuka pia kwamba Kindle haisomi EPUB inayowekwa kwa waya. Ikubalie Calibre ibadilishe kwenda AZW3, muundo wa Kindle, inapouliza.

Waya ukishindikana kabisa, seva ndiyo njia ninayoipenda. Bofya Connect/share, kisha Start Content server. Anwani itaonekana hapohapo, na kwa kawaida huishia na 8080. Iandike katika kivinjari cha simu iliyo kwenye Wi-Fi ileile. Hata hotspot ya simu isiyo na bando inatosha, kwa sababu data haitoki nje. Isipofunguka, angalia kama ngome ya Windows imeizuia Calibre. Onyo: usiifungue seva hiyo kwa intaneti nzima bila kuweka majina na nywila za watumiaji. Ikiwa ni maktaba ya shule au taasisi, kazi ya kuifungua nje afanye mtaalamu wa mtandao.

Dalili: barua pepe kwenda Kindle haifiki

Kwa kawaida anwani inayotuma haijaidhinishwa katika akaunti ya Amazon. Iongeze katika orodha ya anwani zinazoruhusiwa kutuma nyaraka binafsi. Kisha angalia muundo: tangu 2022 huduma hiyo hupokea EPUB, na MOBI, muundo wa zamani wa Kindle, haikubaliki tena. Gmail nayo, tangu Mei 2022, haikubali nenosiri la kawaida kutoka programu kama hii. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, utengeneze nenosiri la programu, na uliweke katika Sharing books by email. Kiambatisho cha Gmail hakizidi MB 25, kwa hiyo kitabu cha picha nyingi kipitie kwa waya.

Dalili: jalada au taarifa za kitabu si sahihi

Vitabu vya Kiswahili mara nyingi havipatikani kwa jina katika vyanzo ambavyo Calibre huviuliza. Tafuta kwa ISBN, yaani namba ya utambulisho ya kitabu. Nyingi za Tanzania huanza na 978-9976 au 978-9987, za Kenya 978-9966, za Uganda 978-9970. Zisipopatikana, jaza kwa mkono, na usisahau kuweka lugha kuwa Swahili. Jalada likitoweka kwenye Kindle, kiunganishe tena na Calibre, nayo hulirudisha.

Unapomwita fundi

Mpe namba ya toleo inayoonekana chini kushoto, maandishi kamili ya Show job details, na faili moja ya kitabu kinachogoma badala ya maktaba nzima. Programu ikiwa inafunguka, bofya mshale ulio kando ya Preferences, chagua Restart in debug mode, rudia kilicholeta tatizo, kisha funga. Kumbukumbu ya matukio itafunguka yenyewe. Isome kabla ya kuituma, kwa kuwa huonyesha majina ya folda na jina la mtumiaji wa kompyuta. Fundi akitaka kufuta diski na kusakinisha mfumo upya kabla ya kuchukua nakala ya Calibre Library, mzuie, na umwonyeshe folda yenye metadata.db.